Mwenza wa Dada

Jumatatu, 3 Machi

Dada amerudi na habari. Chuo kimeanzisha utaratibu mpya kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, wale wanaobaki maabara hadi giza linaingia. Kila mmoja anapewa mwenza. Wanatoka jengoni pamoja, mlinzi anawasindikiza hadi getini, na kila mtu akifika kwao anaandika neno moja kwenye simu: nimefika. Usipoandika, mwenza wako anakutafuta. Asipokupata, anaita walinzi.

Mama amefurahi sana. Amesema sasa moyo wake utatulia.

Neno hilo, nimefika, lilikuwa langu. Tangu Dada aanze uzamivu alikuwa ananiandikia mimi akishuka kituoni, nami nabandika chai.

Jumatano, 5 Machi

Amemleta nyumbani! Huyo mwenza. Msichana mrefu, anafanya utafiti wa udongo, na akicheka vikombe vinatikisika kabatini. Nimempa jina: Kicheko.

Aliniona mlangoni na kitabu changu akasema, "Ndiye Profesa huyu? Sifa zako tunazo, Profesa."

Profesa ni jina la chumbani kwetu. Dada alinipa nilipokuwa najifunza kusoma. Halijatolewa kwa umma.

Halafu wakakaa na fumbo la maneno la gazeti. Letu. Kicheko anakosea kila jibu na Dada anacheka tu. Lile neno refu la katikati nililijua. Wahangaike.

Ijumaa, 7 Machi

Mama ameniona nimenuna juu ya sahani. Akasema nina wivu kama nimeletewa mke mwenza, na ndoa yenyewe sina. Nikasema sina wivu. "Haya, mwanangu," akasema. "Basi na huo mdomo urudi mahali pake."

Jioni nilikuwa uani naanua nguo, dirisha liko wazi. Kicheko alikuwa anamweleza Dada kuhusu mshauri wa chuo, mama mmoja wa ofisi ya ustawi wa wanafunzi. Kwamba ni bure. Kwamba yeye mwenyewe alikwenda mwaka jana, walipomzika baba yake. "Usipopenda, hurudi. Lakini nenda." Dada akasema sawa, atakwenda Jumatano.

Mshauri wa nini? Dada ana mimi. Ana shida gani ambayo Kicheko anaijua, na mimi ninayelala kitanda cha pili siijui? Nimekunja shati moja hadi likawa dogo kama kitambaa cha mkono.

Jumapili, 9 Machi

Kicheko kaondoka. Wiki nzima atakuwa mbali, anachukua sampuli za udongo. Raha iliyoje. Nimeosha viatu vya Mama bila kuagizwa.

Dada amelala mchana kutwa. Nilimsomea hadithi niliyoandika. Akasema nzuri. Alikuwa anatazama ukuta. Simu yake ilipolia akaichukua haraka, akatabasamu kidogo. Najua ni nani. Hata akiwa mbali yumo chumbani mwetu.

Jumanne, 11 Machi

Dada amerudi mapema, jua bado lipo. Hajavua hata viatu, akaandika "nimefika". Nilikuwa nimesimama mbele yake, na chai mkononi. Mimi naona kwa macho kuwa amefika, lakini anayeambiwa ni mwingine.

Nilitamani kuitumbukiza ile simu chooni.

Alhamisi, 13 Machi

Dada amenifungulia moyo. Mimi.

Nimetoka shule nikamkuta kitandani kwangu, miguu ndani ya shuka langu kama zamani. "Profesa, nikikwambia jambo, litabaki humu?" Nikasema litabaki.

Tangu Jumatatu hajakanyaga maabara. Wiki iliyopita msimamizi wake alimrudishia tena ile sura ya tatu ya tasnifu, mbele ya wenzake, akasema labda kazi hii si ya watu kama yeye. Sasa akifika getini miguu inakataa. Anakwenda stendi ya mabasi, anakaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani, hadi saa inayofaa kurudi. Kwa mshauri hakwenda.

"Mwenza wangu asijue. Atanikokota. Mama ndiyo usiseme. Unajua wewe tu."

Wewe tu. Nimeyasubiri maneno hayo tangu siku ile ya fumbo. Nilifurahi, najua ni vibaya, lakini kwanza nilifurahi. Ningekuwa na namba ya Kicheko ningempigia nimtajie hayo maneno mawili, kisha nikate.

Halafu Dada aliinuka kwenda kuoga. Akiwa mlangoni akasema, kama mtu anayesema leo kuna mawingu, kwamba siku hizi akivuka barabara haangalii magari. Nikamuuliza ana maana gani.

"Soma kitabu chako, Profesa."

Ijumaa, 14 Machi

Sikushika somo lolote leo. Wewe tu. Haangalii magari. Sentensi zote mbili ni zake, za siku moja, na siwezi kuchukua moja nikaacha nyingine.

Asubuhi nilimsindikiza hadi barabara kubwa. Nikamshika mkono tukavuka. "Mkubwa nani hapa?" akauliza. Pete yake inazunguka kidoleni kama imeazimwa. Amekonda. Tangu lini? Sijui. Siku zote hizi nilikuwa namtazama Kicheko.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika jikoni, nasubiri maji yachemke. Mama yuko kazini.

Kicheko amekuja. Dada alimwona dirishani, akarudi chumbani upesi. "Mwambie nimetoka."

Nikafungua mlango. Magoti ya suruali yake yana udongo, nadhani hajapita hata kwao. Hakucheka.

"Dada yako yupo?"

Nikasema ametoka. Uongo ulitoka laini kabisa.

Akatazama chini. Viatu vya Dada vilikuwa pale pale kizingitini, vile vya kijani, anavyovaa kila siku. Hakuvitaja. Akasema amepitia maabara, akakuta koti la Dada liko msumarini na kiti chake kina vumbi. "Kila jioni ananiandikia nimefika. Nami namjibu, safi. Safi! Kama mjinga." Akajifuta uso kwa mkono. "Profesa, wewe unalala naye chumba kimoja. Yuko vipi? Niambie tu yuko vipi."

Ameniuliza mimi. Hajui. Kuna jambo la Dada ninalolijua mimi na yeye halijui. Ndicho nilichokitaka, na sasa sikitaki.

Nikasema ngoja nitazame chai.

Akavua viatu, akavipanga kando ya vile vya kijani, akakaa kwenye ngazi. "Sina haraka," akasema.

Maji yamechemka. Dada ameita kutoka chumbani, sauti ya chini. "Kaondoka?"

Nikisema, huenda asikae tena kitandani kwangu. Huenda nisiambiwe tena neno.

Ameita mara ya pili. Mlango wa mbele nimeuacha wazi, na vikombe nimetoa vitatu.