Na Tena, Baba

4 Machi

Mwanangu kitindamimba,

Natumai barua hii imekukuta mzima. Mimi mzima, ila magoti yananisumbua na cherehani inanisumbua zaidi. Dada yako tumbo limekuwa kubwa, anakusalimu. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Nimeangalia kipindi chenu cha katuni, hicho mnachokiandika huko kazini kwako. Unajua ninavyoipenda ile filamu ya zamani ya tembo. Niliiangalia nanyi mpaka kanda ikachakaa, na pale mama tembo anapomwombea mwanawe kabla ya kuvuka mto uliofurika, nililia kila mara. Mlipoifanyia mzaha mara ya kwanza, tembo akavuka amevaa ndoo miguuni, nilicheka. Mara ya pili, mamba akawa daktari wa meno, nikacheka. Hii ya tatu sikucheka.

Tembo anasali. "Na tena, Baba, asante kwa majani. Na tena, Baba, asante kwa miti." Maji yanambeba na mtoto wake, naye bado anasali huku anaelea. Kwenye filamu hakuna "na tena". Hiyo ni yangu. Kule kukohoa kabla ya kuanza ni kwangu. Hata kitambaa mmemfunga kama mimi, fundo mbele.

Nijibu.

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Nashukuru Mungu sijambo. Pole na magoti.

Usinikasirikie. Tunaifanyia mzaha filamu, si wewe. Tulikuwa tumekwama, mkubwa wetu anataka kichekesho cha maombi, nikasali kama wewe. Chumba kizima kikavunjika mbavu. Nani huko atajua? Sasa anataka "na tena" kila wiki. Na ndiyo mara ya kwanza ameniita kwa jina, siyo "wewe wa pembeni".

Niombee.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Unauliza nani atajua. Wateja wangu wanasema, "Na tena, fundi, nipunguzie kiuno." Hayo niliyameza. Kwenye kikundi cha akina mama niliambiwa nifunge kikao kwa sala. Nikakohoa. Kukohoa tu, wenzangu wakainama kuficha meno. Nikasema amina, nikakaa.

Juzi dada yako alishikwa na uchungu. Amejifungua salama, mtoto wa kike. Lakini kabla hawajamwingiza chumba cha kuzalia alinishika mkono, "Mama, niombee." Nilipofika kwenye "na tena", muuguzi akaangua kicheko. "Samahani, mama, nimemkumbuka yule tembo." Maneno yakanikauka mdomoni. Mwanangu akaingia mle ndani na nusu ya sala.

Unajua kwa nini sala yangu ni ndefu? Nimezaa watoto sita, na kila mmoja ana "na tena" yake. Naanza na kaka yenu mkubwa, nashuka. Ya tano ni ya dada yako. Ya mwisho ni yako. Watu wakinicheka nikanyamaza katikati, anayekosa ni nani?

Mwambie mkubwa wako aache. Nitaangalia.

Mama yako

30 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumai nyote hamjambo, nami mjomba wake namsalimia binti yetu mdogo.

Najua umekaa kimya kwa sababu ya vile vipindi vilivyofuata. Nilimwambia mkubwa. Akacheka, akadhani ni kichekesho kipya, akataka nikiandike. Sikurudia kumwambia.

Sasa watu wamemchoka tembo, na mkubwa anapunguza wafanyakazi. Jumatatu anatuita mmoja mmoja. Mama, naogopa. Silali. Naomba unisalie, ile ndefu, yote, kama ulivyokuwa unatusalia zamani.

Mwanao, kitindamimba wako

9 Julai

Mwanangu,

Natumai u mzima. Sisi hatujambo. Mtoto wa dada yako ameanza kucheka, na yeye hacheki mtu.

Barua yako nimeipata, na sala nimesali. Siku hizi nafupisha, kama mlivyonifundisha. Nimeishia kwa dada yako.

Mama yako