Mkono Wangu Ulimpa Mjomba Uenyekiti

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, na tafadhali usicheke mpaka ufike mwisho.

Nimemaliza shule mwaka huu na ninaishi na bibi nyumbani kwa mjomba, ambaye ni mwenyekiti wa benki yetu ya ushirika, au si mwenyekiti, inategemea unamuuliza nani. Siku ya uchaguzi nilimsindikiza bibi kwa sababu macho yake hayaoni vizuri, na ingawa wasio wanachama walitakiwa kukaa kando, bibi hakuuachia mkono wangu, basi nikakaa naye katikati ya wanachama. Karatasi za kura zilikuwa zimechapishwa jina la mjomba peke yake, watu wakazikataa, ikaamuliwa wapige kura kwa kunyoosha mikono. Mimi nilikuwa nimebanwa na haja ndogo tangu hotuba ya mjomba ilipoanza, lakini huwa naona aibu sana kuongea mbele za watu, kwa hiyo nikafanya kama tulivyozoea darasani, nikanyoosha mkono nikasubiri kuruhusiwa. Msimamizi akaninyooshea kalamu, akaitikia kwa kichwa, nami nikamshukuru moyoni nikatoka mbio. Niliporudi nilikuta watu wamembeba mjomba juu juu, ameshinda kwa kura moja.

Mama Mizani, muuza nafaka aliyeshindana naye, amekwenda mahakamani akidai mikono ilizidi wanachama waliokuwa ukumbini. Sasa benki ina wenyeviti wawili, mmoja ameshika ofisi na mwingine ameshika muhuri, na karani wa mikopo anasema akimtii huyu atashtakiwa na yule, kwa hiyo anakunywa chai tu. Mikopo yote imesimama, wanaoendelea kulipwa ni mawakili. Mjomba naye kila akihutubia anausifu ule mkono wa mwisho, anasema ulinyooka kuliko yote, ukitetemeka kwa mapenzi ya ushirika. Mshauri, mimi ndiye niliyekuwa nautetemesha, na sikuwa nafikiria ushirika.

Juzi wakili wake alikuja na hati ya kiapo iliyokwisha kuchapwa, akasema wanahitaji shahidi asiye mwanachama. Mjomba akanichagua mimi.

"Ulikaa katikati, uliona kila kitu," akaniambia. "Saini hapa kwamba kila mkono ulikuwa wa mwanachama."

Nikaomba niisome kwanza.

"Mtihani umeshamaliza, mwanangu. Hii ni ya kusaini tu."

Bibi alikuwa pembeni anakunja nguo. Akamuuliza, "Kama ulishinda, mbona unamharakisha mtoto?" Mjomba akacheka, akasema mama haelewi mambo ya sheria. Lakini bibi aliwahi kuninong'oneza kuwa yeye alimchagua Mama Mizani, na nisimwambie mtu.

Mjomba ndiye aliyenisomesha, na ameahidi kunipeleka chuo cha uuguzi. Nikisema ukweli ataanguka kwa sababu mimi nilibanwa, nikisaini nitakuwa nimeapa uongo, na Jumatatu wakili anarudi. Nifanye nini?

Mimi, Mwenye Aibu

*

Mwanangu Mwenye Aibu, marahaba. Nimecheka, nisamehe. Kicheko kiliisha nilipofika kwenye hati ya kiapo.

Kuomba ruhusa si kosa. Mwenye kosa ni msimamizi aliyehesabu mikono bila kutazama imetoka mabegani mwa nani. Lakini nawe nikuseme kidogo. Aibu ya kutaja choo mbele ya ukumbi mzima naielewa. Aibu ya kunyamaza huku benki imefungwa mikono na watu wanakosa mikopo, hiyo siielewi, na haikufai wewe unayetaka kuwa muuguzi.

Unasema utamwangusha mjomba. Huwezi kumwangusha mtu kwenye kiti ambacho hakukipata. Ondoa mkono wako, kura zinakuwa sare, na Mama Mizani naye asianze kushona sare za sherehe, maana hakushinda pia. Warudie uchaguzi, na safari hii karatasi ziwe na majina yote mawili.

Kwa hiyo usisaini. Kiapo kikigundulika ni cha uongo, atakayeulizwa ni aliyesaini, na wakili wa mjomba si wakili wako, hata akikuita binti yangu mara mia. Mwambie bibi leo, kabla hajamaliza kukunja nguo. Kisha mwendeeni mjomba pamoja, kwa heshima, mpeni nafasi aieleze mahakama yeye mwenyewe. Akikataa, nenda na bibi kwa karani wa mahakama, useme una maelezo kuhusu kesi ile na unataka kuyatoa. Siri ya kura ya bibi mwachie mwenyewe. Nina hisia atamwambia mwanawe kwa raha zake.

Chuo omba tangu sasa, kwa jina lako. Mjomba akisusa kukulipia kwa sababu hukumdanganyia hakimu, basi alikuwa ananunua saini, na ni afadhali umejua mapema. Namwombea asifanye hivyo. Mtu aliyekusomesha anaweza kukasirika mwezi mzima na bado akabaki mjomba.

Siku ya kesi, pitia chooni kabla ya kuingia. Ukibanwa tena humo ndani, simama umwambie hakimu kwa mdomo wako. Mikono iweke mapajani.