Vyungu Viwili vya Lyulilo

Jumamosi, usiku

Nguo zangu bado zinanuka samaki wa kuchoma, wale mbasa, ingawa sikuonja hata mmoja.

Asubuhi mama mkwe alinituma sokoni Lyulilo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nikanunue samaki, maana kesho baada ya ibada Mchungaji Mdachi atakula kwetu. Nafika kwa wachoma mbasa, nani kasimama pale? Baba mkwe! Mke wa Kinyakyusa hamtazami baba wa mumewe, sembuse kugombania naye samaki. Nikachepuka kwa wauza usipa, wale dagaa wa ziwani. Haikupita muda, huyo anakuja. Nikakimbilia kwenye ndizi za kuchoma, akatokea huko huko. Nikaishia kuchuchumaa nyuma ya vyungu vya Wakisi.

"Mwanangu, nunua au ondoka," akasema mama mfinyanzi.

Nikanunua. Mitumbwi ya wauzaji ilipoondoka samaki walikuwa wamekwisha, nami nimekumbatia chungu.

Nilirudi nikimlaani moyoni mzee yule mlafi, anayezunguka kila penye chakula. Mama mkwe alinipokea akicheka hadi machozi. Kumbe alimtuma na mzee pia, ili awe na uhakika wa kupata samaki.

"Anasema kila alikokukimbia ulimfuata," akaniambia. "Mwisho akajificha upande wa pili wa vyungu."

Na yeye kanunua kimoja.

Mchungaji ndiye aliyetuhubiria kwamba mila hii imekufa. Kesho atakuta vyungu viwili vipya, ndani ndizi tupu. Sijui nani atamweleza. Mimi siwezi. Baba mkwe atakuwa amekaa naye.