Majani ya Choya na Mtihani wa Kesho

Jumatano, usiku

Sijawahi kumwambia mtu: kemia yote nimeikariri kwa Kiingereza bila kuielewa. Leo mwalimu aliuliza asidi ikikutana na besi inakuwaje. Nikatiririka kama kitabu. "Haya, kwa maneno yako," akasema. Nikarudia Kiingereza kilekile, darasa likacheka.

Jioni mama alitia maji ya majivu kwenye majani ya choya, mboga yetu chachu. "Kidogo kidogo, mwanangu. Uchachu ukiisha, acha. Ukizidisha tutakula sabuni."

Kumbe ndilo jibu lenyewe: choya ni asidi, majivu ni besi, na vikikutana kimoja humaliza ukali wa kingine.

Lakini ni hilo moja tu. Kesho swali likigeuzwa kidogo nimekwisha, na baba ameshautangazia mtaa mzima wa Majengo kwamba nitakuwa daktari.

Nasikia nyayo zake zinakuja mlangoni. Siku zote nalificha daftari hili. Leo nauacha ukurasa wazi, asome.