Mbuzi Amemla Madamu wa Mwavuli

Tantine,

Nimechoka. Nakuambia hilo kwanza, kwa sababu wewe, fundi wangu, ndiwe uliyenikataza kulalamika mbele ya wateja, na sasa sina wa kumlalamikia wakishaondoka. Tangu tukuzike, ziwa limezidi kupanda. Liliingia kwenye atelie yako ya kushonea pale Nyamianda, likakaa kama mpangaji. Cherehani niliitoa kwa kuibeba kichwani. Sasa niko Songo, katika kachumba ambako mteja akiingia mimi natoka.

Kilichonisumbua zaidi ni ukuta wako. Yale majalada ya magazeti ya zamani ya mitindo, ya kuchorwa kwa mkono, uliyopewa na masista waliokufundisha kushona, uliyabandika kwa gundi ya unga wa muhogo ukajisifu kwamba mwizi wake itabidi abebe na ukuta. Tuliyapa majina: Madamu wa Mwavuli, Mwenye Baiskeli, Yule Anayetazama Kando. Wateja walichagua nguo kwa kunyoosha kidole tu. Mimi nilikuwa naona haya. Nilikuambia simu ina picha za warembo walio hai, wewe ukang'ata uzi ukasema, "Picha inakuonyesha nguo ya mwenzako. Hii ya kuchora haijapata mwenyewe bado."

Basi maji yalilainisha gundi, majalada yakaachia yenyewe, mazima. Nilifurahi kama mjinga. Nikayaanika kwenye kamba, nikaenda zangu sokoni. Kurudi, namkuta mbuzi wa jirani anamalizia sketi ya Madamu wa Mwavuli. Muhogo, Tantine! Alifuata muhogo wako. Jirani alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilikaa kwenye matope nikalia, na sikuwa nalilia karatasi.

Na nani akaja wiki hiyohiyo? Mama Furaha wa Kiringye, yule uliyemshonea nguo ya harusi. Sasa binti yake anaolewa. "Minye mama yake sitaki ya mu telefone," akasema. "Nataka ile ya mwavuli, sawa yenye Tantine alinishonea minye." Yake ilibaki nyumbani siku walipokimbia risasi, hakuiona tena. Nilitaka kumwambia kwamba Madamu ameliwa, lakini nikashika utepe wa kupimia badala yake. Na nikishindwa nguo hiyo, watu watasema kazi yako tuliizika pamoja na wewe. Nikampima binti aliyekuja naye, nikakubali.

Nikafumba macho kumtafuta Madamu. Nikaona rangi ya manjano, kiuno, mkono ulioshika mwavuli. Mshono sikuuona hata mmoja. Zipu iko mgongoni au ubavuni? Mkono umeunganaje na bega? Mchoraji hakuweka. Ndipo nikakukumbuka umesimama mbele ya jalada lile, pini mdomoni, chai inapoa. Siku zote nilidhani unanakili. Kumbe hapakuwa na cha kunakili, ulikuwa unatunga mwenyewe. Nikatunga na mimi. Binti ana mabega membamba, nikayajaza kidogo, kiuno nikakishusha. Nilishona, nikafumua, nikashona tena, macho yakaniuma.

Siku ya kujaribu, Mama Furaha alimwangalia mwanawe, akaziba mdomo kwa kitenge. "Iko ile ile," akasema. "Iko ile yangu kabisa." Machozi yakamtoka.

Haikuwa ile, wewe unajua. Hata yake, nadhani, haikuwa ile ya kwenye jalada. Niliinama kushika pindo, asiuone uso wangu, na nilipokuwa chini pale nikaelewa kwa nini nawe uliinama kila mtu alipokuambia maneno hayo.

Nimekukosa, Tantine. Nimekukosa kuliko ninavyoweza kuandika. Wewe pumzika huko, ziwa haliwezi kukufikia. Nami nakuahidi hivi: wataendelea kuja kutaka ile ile, nitawashonea nyingine, na wakisema ndiyo yenyewe, nitainama.

Mwanafunzi wako,
Neema