Wamebandika Sauti ya Kerry kwa Nyota Wao

Mpendwa Shangazi Maureen,

Naiandikia safu yako ya ushauri nikiwa na hasira, wala siombi radhi kwa hasira hiyo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Sheffield, mtunzi na mtayarishaji wa muziki, na ndimi niliyesimama kwenye ngazi za ukumbi wa jiji kuwaambia wenzangu kwamba jasho la mtu haliuzwi kwa jina la mwingine, kumbe maneno yale yalikuwa yakinisubiri mwenyewe! Nilitunga wimbo, nikaurekodi chumbani kwa mama, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, akauimba rafiki yangu Kerry Bramall, mpishi wa shule ya msingi, na kampuni moja ya London ikaupenda ikamkabidhi nyota wao, lakini nyota huyo kila akifika kwenye kiitikio sauti inamkatika, basi wakaikata sauti ya Kerry kutoka kwenye rekodi yangu ya majaribio, wakaibandika pale, na jalada litasema kaimba nyota peke yake.

Nilipohoji, msimamizi wao, Bwana Lyle, alicheka. "Kijana, acha uanaharakati. Kazi hii ndivyo ilivyo. Tia saini mkataba, nyamaza, na albamu yake nzima utaitayarisha wewe."

Albamu nzima, Shangazi! Mlango ninaoubisha tangu utotoni! Na mama, huku akimimina chai, ananisukuma: "Rowan, usijitie ushujaa. Babu yako aligoma mwaka mzima na wachimba makaa wenzake. Tulikula nini? Viazi."

Nasema sitii saini! Afadhali wimbo ufe ukiwa msafi kuliko uishi ukiwa mwizi. Kesho napanda treni kwenda London kuuzuia. Kerry bado hajui, tukikutana mtaani hunitania, "Ee Profesa, mapinduzi yameiva au nikuongezee moto?" nami nacheka tu. Nishauri: nianze na magazeti au mahakama?

Rowan Hardcastle

*

Rowan,

Moto unao, na usikubali mtu auzime. Wanachofanya ni wizi. Usitie saini, hata wakikuahidi albamu kumi. Wala usimdharau mama yako: aliyelala njaa akiwa mtoto ana haki ya kuogopa.

Lakini wewe nawe! Hotuba yote hiyo, na Kerry kasemaje? Hujamuuliza! Lyle kaichukua sauti yake bila kumwambia, nawe unataka kwenda kuiua bila kumwambia. Nani kakupa ruhusa? Wimbo umeutunga wewe, koo ni la kwake. Huenda anataka jina lake lisomwe nchi nzima. Huenda hataki hata kusikia habari za London. Huenda ana hasira kukushinda. Hujui, kwa sababu unapenda kuwasemea watu kuliko kuwasikiliza.

Treni iache. Kesho watoto wa shule wakishakula, nenda jikoni kwake umsikilizishe rekodi zote mbili, mwambie alichosema Lyle, neno kwa neno, na ulichoahidiwa wewe. Kisha nyamaza. Akitaka jina lake liandikwe, nendeni pamoja kwenye chama cha wanamuziki, na yeye ndiye azungumze kwanza. Akitaka wimbo usitoke, hapo simama naye mpaka mwisho, albamu ikipotea ipotelee mbali.

Na ukimkatiza hata mara moja, Rowan, usithubutu kuniandikia tena.

Shangazi Maureen