Nusu ya Ukuta wa Oyugis

Nyar Kisegi, mke wangu,

Nina miaka sabini na nane. Nimezika kaka zangu wanne, nimezika mafundi wote waliosema bodi za jipsamu ni kazi ya vijana, na sasa nimekuzika wewe. Naandika mwenyewe. Binti yetu Atieno alitaka kunisaidia, nikamfukuza na kalamu yake.

Fundi wa kunishinda kwa mapambo ya ukuta, kutoka Homa Bay hadi Migori, hayuko. Hilo sibadilishi. Lakini kuna jambo.

Ule ukuta wa sebule Oyugis tuliuacha nusu. Mimi napaka plasta kwa mwiko, wewe unanifuata kabla haijakauka, unazungusha kiganja na vidole, vile ulikuwa ukikandika nyumba ya mama yangu kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Ukasema, "Baba Atieno, pole pole, inakauka mbele yangu." Halafu ukasema kifua kinabana, ukakaa kwenye ndoo. Hukurudi tena.

Wiki jana nilienda peke yangu kumaliza. Nikapaka, nikazungusha mkono. Ikakataa. Nikakwangua, nikapaka tena. Mara tatu. Yangu ni kama kuku amechakura. Yako imetulia, kila duara linaingia kwa lingine.

Mwenye nyumba, yule mama wa duka la vitambaa, akaja akasimama katikati. "Mzee, huu wa kushoto ni mkono wako, najua. Huu wa kulia ulimpa nani?"

Wa kushoto ulikuwa wako.

Ningesema. Lakini miaka yote nimeambia watu mtindo huo niliuvumbua mimi, wewe ni wa kubeba maji tu. Ulikuwa unasikia, unacheka, leso mdomoni. Na nilijua ukuta huo ndio pekee umebaki na mkono wako, maana ile hoteli ya Migori wamebandika vigae juu ya kazi yako. Nikajua, na bado nikasema, "Pande zote sizipendi. Nakwangua nianze upya."

Nikaanzia juu, upande wako. Nikafika chini karibu na swichi, nikaona alama ya kidole chako kidogo, kile kilichopinda. Mkono wangu ulikuwa umeshapita. Ikawa unga sakafuni.

Nikakaa kwenye ile ndoo. Mama akauliza kama naumwa. Nikamwambia ukweli wote, plasta yako iko kwenye viatu vyangu. Akasema, "Mzee, si ungesema tu. Ningeuacha hivyo hivyo, nusu."

Sasa ukuta ni mweupe, hauna kitu. Mwiko nimeuweka, sijui kama nitaushika tena. Sijui nitafanya nini na hizi asubuhi.

Lala, Nyar Kisegi. Nakuahidi, yeyote atakayenisifu kwa ule mtindo nitamwambia ulikuwa wa mkono wako, hata kama hajauliza. Na akidhani ni uchungu unanifanya nitunge, aende Oyugis kwa yule mama wa vitambaa. Yeye aliuona kabla sijakwangua.

Mume wako,
Baba Atieno